Uji Ndani ya Muundi

Jumanne, 21 Oktoba

Nimerudishwa nyumbani leo saa nane mchana, siku ya saba baada ya upasuaji. Nyumbani kwa sasa ni chumba cha mbele, chini, katika nyumba ya Kishor hapa Ilford, London. Chumba ninachopanga ni cha juu, lakini ngazi zina vidato kumi na vinne na mimi nina mguu mmoja unaofanya kazi.

Niandike mambo yalivyo mara moja, nisiyarudie. Kwa miaka thelathini na minne nimeripoti mafuriko, chaguzi na meli zilizozama, na sikuwahi kuumia. Miaka miwili na nusu iliyopita nilivuka barabara kwenda kununua maziwa, baiskeli ya umeme ya mpeleka chakula ikanivunja muundi wa kulia. Wakaweka chuma ndani ya mfupa. Mfupa uliunga, lakini bakteria waliingia wakajificha kwenye chuma. Nimepasuliwa mara tatu. Nimechomwa sindano za dawa mpaka masikio yakaanza kulia. Kila baada ya miezi michache usaha ulirudi.

Upasuaji huu ni wa nne, na Daktari Dipti anayenitibu amesema hakutakuwa na wa tano wa aina hii. Ametoa chuma na kukwangua mfupa uliooza, pakabaki shimo la kuingia dole gumba. Shimo hilo alilijaza unga mweupe uliokorogwa na dawa ya kuua bakteria ukawa uji mzito, na uji ukaganda humo kwa dakika chache. Unga wenyewe ni madini ya jamii ya mfupa. Sehemu moja huyeyuka polepole, na inapoyeyuka huachia dawa palepale penye ugonjwa, kwa kiwango ambacho kikipitishwa mshipani kingeharibu figo. Sehemu ya pili hubaki kama jukwaa la waashi, ili mfupa mpya upande juu yake. Matibabu haya bado ni ya majaribio, na kinachotafitiwa ni mwendo wa dawa: nyingi wiki za kwanza, kisha kidogo kidogo hadi mwezi wa tatu. Mimi ni mshiriki namba kumi na saba.

Ikishindikana, mguu utakatwa chini ya goti. Nimekwisha kutia saini.

Kila siku nijaze fomu ya utafiti kwenye simu: joto la mwili, maumivu kati ya sifuri na kumi, majimaji ya kidonda, nani ameugusa mguu. Daftari hili ni la yasiyo na nafasi kwenye fomu.

Kishor amewasha taa za sikukuu ya Diwali dirishani kwangu bila kuniuliza.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Joto 37.2. Maumivu 6.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kishor alizaliwa Mwanza, akauza vitambaa huko, kisha Ilford, mpaka alipostaafu. Ana miaka sabini na minne na ni mjane. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wahariri wengi niliowahi kuwa nao. Asubuhi alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Bwana Habari, mguu unasemaje?"

"Hausemi."

"Basi una bahati. Yangu yote miwili inasema, tena kwa Kigujarati."

Mchana alifika Marie-Claire, mhudumu wa majumbani. Atakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa wiki sita kunisaidia kuoga na kupika. Leo amekuja kujitambulisha. Anatoka Bukavu, miaka kama arobaini, ana watoto. Alichelewa dakika arobaini, akaomba radhi kwa wimbo wa dini. Kazi yake, kwa mujibu wa karatasi aliyoniachia, ni mwili wote isipokuwa mguu wa kulia kuanzia goti kwenda chini. Huo ni wa muuguzi wa mtaa peke yake, anayekuja kubadilisha bandeji mara mbili kwa wiki.

Simtegemei sana. Anaomba kabla ya kuwasha jiko.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Giza linaingia kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mvua.

Ijumaa, 31 Oktoba

Joto 36.9. Maumivu 5. Muuguzi anasema kidonda ni kikavu. Marie-Claire alichelewa dakika ishirini na tano. Nadhani hayo ni maendeleo.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki tangu jioni, desturi ya Waingereza kila tarehe tano Novemba. Marie-Claire alikuwa jikoni. Mlio wa kwanza ulipolia alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, sufuria mkononi. Kishor akazima taa za nje, akavuta kiti karibu naye na kuanza kumsimulia jinsi mteja mmoja wa Mwanza alivyorudisha kanga kwa sababu mume hakulipenda jina lake. Alisimulia kwa dakika kumi, bila kumuuliza kitu. Mimi nilibaki kitandani nikihesabu milio. Nilifika sitini na mbili.

Ijumaa, 7 Novemba

Shavu la mguu limevimba. Ngozi inang'aa. Maumivu 7. Muuguzi kalipima kwa utepe na kusema niinue mguu juu ya mito. Nimeuinua. Haijasaidia.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo si siku yake, lakini Marie-Claire alipita akitoka kazini kwa mgonjwa mwingine, kuniletea supu. Aliona shavu la mguu.

"Papa, hii mguu iko nalia."

"Nimeshaambiwa niuinue."

"Kuinua tu? Kwetu mama akizaa, tunamukandaka. Mutu akivunjika, tunamukandaka. Maji ya moto, chumvi, mikono. Damu inatembea, mutu analala."

"Karatasi yako inasema usiuguse."

"Karatasi iko nalala vizuri. Weye ndiye hulalake."

Nilijua kanuni. Najua pia kwamba kibali chake cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii, na kwamba mhudumu anayegusa kiungo chenye kidonda hupoteza kazi. Nilikuwa na usingizi wa saa mbili. Nikasema ndiyo. Naandika waziwazi: yeye alipendekeza, mimi niliamua.

Alifungua kiatu kigumu cha plastiki nilichovalishwa hospitali, akafunika bandeji kwa mfuko wa nailoni, akakanda shavu la mguu kwa taulo la moto kuanzia kifundo kwenda gotini. Dakika ishirini na tano. Maumivu yakashuka kutoka 7 hadi 3.

Fomu iliuliza: kuna mtu mwingine aliyeugusa mguu zaidi ya muuguzi? Nikabonyeza Hapana.

Jumatatu, 10 Novemba

Amenikanda tena. Maumivu 3. Hapana.

Jumatano, 12 Novemba

Mara ya tatu. Uvimbe umepungua kwa sentimita moja na nusu, nimepima mwenyewe. Hapana.

Nimelala saa saba mfululizo.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilipoamka bandeji ilikuwa imelowa.

Majimaji ni meupe, mazito kidogo, kama maji ya kuoshea mchele. Nilikaa kitandani nikiyatazama kwa robo saa. Usaha nimeuona mara tatu kutoka kwenye mguu huuhuu, na kila mara ulianza kwa bandeji kulowa.

Nilimwita Kishor. Aliinama, akavaa miwani, akavua miwani.

"Sema," nikamwambia.

"Mimi ni muuza vitambaa."

"Sema hivyohivyo."

"Sijaipenda."

Nilipiga simu kwa muuguzi wa utafiti. Kliniki ni Jumanne. Joto likifika 38 niende hospitali papo hapo. Joto ni 37.4.

Marie-Claire alikuja jioni baada ya Kishor kumpigia. Aliichukua bandeji iliyotupwa, akaileta puani na kuivuta hewa kama mtu anayechagua samaki.

"Hainuki," akasema.

"Weka chini hiyo."

"Papa, minajua usaha. Bukavu nilioshaka vidonda vya batu ya risasi, hatukuwa na dawa, tulikuwa na pua tu. Usaha inanuka. Hii inanuka kama chaki."

Nilimwambia pua si maabara. Alikunja bandeji ndani ya mfuko, akanawa mikono, akaondoka bila kuimba.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. 37.5. Majimaji zaidi. Fomu ya leo imejazwa kwa ukweli; zile tatu za nyuma sijazigusa.

Jumapili, 16 Novemba

Kishor kaniuliza kwa nini simwambii daktari kuhusu kukandwa. Kumbe alisikia maji yakichemshwa siku zote tatu.

Nilimweleza. Katika kazi yangu anayekupa habari kwa siri humtaji. Niliwahi kukaa rumande siku mbili, Bukoba, kwa kukataa kutaja jina la karani. Karani yule alistaafu salama.

"Karani alikugusa mguu?" Kishor akauliza.

"Unajua ninachosema."

"Najua. Naona tu safari hii rumande utaupeleka mguu peke yake."

Nilimwambia uamuzi umeshafanyika. Kama uji umeshindwa, umeshindwa, na kumtaja Marie-Claire hakutaugandisha upya. Tangu juzi nimesoma kuhusu miguu ya bandia. Kuna ya aina nne inayonifaa. Nimeandika orodha. Mtu aliyejiandaa huwa hasumbui watu.

Kishor alisoma orodha yote, pande mbili, akairudisha mezani.

"Umeshamzika mgonjwa," akasema, "na bado anakunywa chai yangu."

Jumatatu, 17 Novemba

Baridi kali, jua la kwanza kwa siku tisa. 37.4.

Marie-Claire kasema kesho atanisindikiza kliniki. Ni siku yake ya mapumziko. Nilikataa. Akasema alikuwa hajaniuliza.

Jumanne, 18 Novemba

Nitajaribu kuandika yote kwa mpangilio.

Tulitoka saa mbili na nusu. Treni ya njia ya Elizabeth kutoka Ilford ilikuwa na nafasi. Kijana mmoja alisimama kunipisha bila kuondoa macho kwenye simu. Marie-Claire alibeba mkoba wangu na magongo yangu yote mawili, kisha akashangaa kwa nini siwezi kushuka.

Daktari Dipti ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, anaongea Kiingereza cha haraka cha London na hapotezi neno. Nimekuwa mgonjwa wake kwa mwaka mmoja na miezi miwili na sikumbuki kumwuliza chochote kisichohusu mguu. Alifungua bandeji, akabonyeza kando ya kidonda kwa vidole viwili. Majimaji meupe yakatoka. Akayavuta kwa bomba la sindano, akatia kwenye kichupa cha maabara. Akatazama skrini. Kipimo cha damu, kile kinachoonyesha mwili unapambana na kitu, kimepanda: si sana, lakini kimepanda.

"Kutoka kidogo kwa majimaji meupe kunatarajiwa," akasema. "Ni ule unga unapoyeyuka. Lakini huwa kunaanza wiki ya kwanza au ya pili, kisha kunapungua. Wewe ulikuwa mkavu kabisa mpaka siku ya thelathini, halafu ghafla hivi, pamoja na uvimbe na damu hii. Silipendi jambo hilo. Umeanguka? Umeukanyagia mguu?"

"Hapana."

"Kuna lolote lililobadilika nyumbani?"

"Hapana."

"Basi Alhamisi nafungua. Nikikuta usaha ndani ya mfupa sitajaza tena. Itabidi tuzungumze lile jambo jingine."

"Limeshazungumzwa," nikasema. "Nimetia saini. Ukiona ni bora kulimaliza Alhamisi hiyohiyo, mimi niko tayari."

Alinitazama kwa muda kidogo. Nadhani hakuwa amezoea mgonjwa anayemsaidia kuharakisha.

Marie-Claire, aliyekaa nyuma yangu, aliniinamia. Tulizungumza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama watu wetu wote wanavyozungumza mbele ya maofisa wa nchi hii.

"Papa, umwambie."

"Nyamaza."

"Umwambie nilikukanda."

"Ukifukuzwa je? Wanao je?"

"Na mguu ikikatwa kwa sababu ya mikono yangu, nitakula hiyo kazi namna gani? Umwambie, ama minasema mwenyewe na Kiingereza yangu ya kuvunjika."

"Haihusiani. Uji umeshindwa tu. Kaa kimya, mama."

"Mara tatu! Mara tatu nilikukanda na maji ya moto, halafu maji nyeupe inatoka, na weye unasema haihusiani? Weye ni mwandishi gani?"

Daktari Dipti alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama.

"Kukanda?" akasema.

Alilitamka sawasawa. 

"Mimi nasikia," akaendelea, kwa Kiswahili kilichokuwa kikitafuta njia. "Kuongea ndiyo shida. Bibi yangu wa Kisumu, tulikaa naye Harrow. Alinikanda nikianguka shule. Maji moto sana. Nililia." Kisha akageuka kwenye Kiingereza, na sauti ikawa nyingine kabisa. "Nani kamkanda nani, lini, na wapi hasa?"

Miaka thelathini na minne ya kuuliza maswali, na sikuwahi kumwuliza daktari wangu watu wake wametoka wapi.

Marie-Claire alisimama kama mwanafunzi. Alieleza yote, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, akionyesha kwenye mguu wake mwenyewe: hapa, kwenda hapa, dakika ishirini na tano, taulo, chumvi. Daktari aliuliza maji yalikuwa na moto kiasi gani. "Ya kuvumilia na kelele," Marie-Claire akasema. Aliuliza kama alikigusa kidonda. Hapana, alikuwa amekifunika kwa mfuko. Aliuliza kama majimaji yalinuka. "Kama chaki," Marie-Claire akasema, na akanitazama mimi, si daktari.

Daktari Dipti akafanya mambo matatu. La kwanza, alimkemea Marie-Claire, kwa dakika mbili, bila kupandisha sauti: mguu uliotoka kupasuliwa unaweza kuwa na damu iliyoganda mshipani, na mikono inayokanda shavu la mguu inaweza kuisukuma mpaka mapafuni. Angeweza kuniua hapo kitandani kwa wema. Marie-Claire hilo hakulijua. Alikaa chini.

La pili, alinigeukia mimi. Aliinua simu yangu, akafungua fomu, akaniwekea mbele tarehe nane, tarehe kumi, tarehe kumi na mbili.

"Ningekata mguu kwa kufuata fomu hii," akasema. "Na baada yako kuna namba kumi na nane mpaka arobaini. Namba kumi na saba akidanganya, wote hao wanadanganywa. Wewe kazi yako ni nini?"

Alikuwa anaijua. Nilirekebisha fomu zote tatu mbele yake.

La tatu, alifuta Alhamisi. Joto na mikono, alisema, vingeweza kabisa kukamua nje unga ulioyeyuka ambao ungetoka taratibu, au ungenyonywa na mwili. Na kukandwa kungeweza kuchokoza nyama kiasi cha kupandisha kipimo cha damu. Au ni usaha kweli. Maabara itakiotesha kilichomo kwenye kichupa kwa siku tano, kuona kama kuna bakteria. Kikiota kitu, anafungua. Kisipoota, tunasubiri. Ataandika kwamba mguu ulikandwa nyumbani. Jina la aliyekanda si data ya utafiti.

Kwenye treni ya kurudi Marie-Claire alitazama dirishani mpaka Stratford.

"Hukunitaja," akasema.

"Hapana."

"Ungekaa bila mguu, na mimi ningekuwa nakuja kukuogesha Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na tunanyamaza wote wawili."

Sikuwa nimeitazama picha hiyo. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watoa habari, wakati alikuwa sehemu ya habari yenyewe, na aliyestahili kuulizwa kama anataka kufichwa.

Jumatano, 19 Novemba

37.3. Theluji kidogo asubuhi, haikukaa. Marie-Claire amekwenda mwenyewe kwa mwajiri wake akaeleza. Wamemsimamisha mpaka wakae kikao.

Alhamisi, 20 Novemba

37.2. Leo ndiyo ingekuwa siku.

Ijumaa, 21 Novemba

37.2. Mhudumu mpya amekuja, ana haraka na ni nadhifu. Alifika kwa wakati kamili. Kishor anasema nyumba imekuwa kama benki.

Jumamosi, 22 Novemba

37.0. Mvua.

Jumapili, 23 Novemba

36.9. Bandeji imelowa nusu ya jana. Nimeinusa. Chaki.

Jumatatu, 24 Novemba

Simu ililia saa tano na dakika kumi. Muuguzi wa utafiti: hakuna kilichoota. Watakiacha kichupa siku tisa zaidi kwa sababu bakteria wengine ni wavivu, lakini mpaka sasa, hakuna.

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwuliza nani alikisoma kipimo na kama kuna mtu wa pili aliyekihakiki. Akacheka, akasema ndiyo, yupo.

Kishor alikuwa amesimama mlangoni muda wote na kitambaa cha vyombo.

"Basi?"

"Hakuna kilichoota."

"Kwenye kichupa?"

"Kwenye kichupa."

"Sasa ile orodha ya miguu ya mbao—"

"Si ya mbao. Ni ya nyuzi za kaboni."

"Nimpe nani?"

Nilimwambia aitupe. Akasema alishaitupa tangu Jumatano.

Jumatano, 3 Desemba

Kichupa kimefungwa, hakuna kilichoota. Kidonda kikavu kwa siku ya pili. Marie-Claire amerudishwa kazini: barua ya onyo na siku mbili za mafunzo. Hatapangiwa tena nyumba hii. Alinipigia kuniambia mafunzo yalikuwa na biskuti na mwalimu ambaye hajawahi kumwogesha mtu.

Jumapili, 7 Desemba

Marie-Claire alikuja baada ya kanisa, kama mgeni. Alibisha hodi. Kishor akamtengea kiti cha wageni na alikaa dakika tatu, kisha akaenda jikoni.

Jumanne, 16 Desemba

Picha ya eksirei. Daktari Dipti aliziweka mbili pamoja, ya Oktoba na ya leo. Katika ya Oktoba shimo limejaa weupe kama jino lililozibwa. Katika ya leo weupe karibu wote umekwisha. Panaonekana giza.

"Umeyeyuka kama ulivyotakiwa," akasema. "Na dawa imetoka yote au karibu yote. Bakteria, naamini tumewamaliza."

"Shimo linaonekana kubwa kuliko awali."

"Linaonekana, kwa sababu sasa hakuna cha kulificha."

"Na mfupa?"

"Bado siuoni. Kwa wengine huonekana mwezi wa pili, kwa wengine wa nne. Kwa wachache hauji, na mfupa mtupu huvunjika. Usiukanyagie hata kidogo."

Katika daftari langu la mwaka jana ningeandika: imeshindikana. Leo nimeandika alichosema, basi.

Alhamisi, 25 Desemba

Marie-Claire alileta sombe, kisamvu cha kwao, na ugali wa muhogo. Kwa ajili ya Kishor, ambaye hali nyama wala samaki, alipika sufuria ya pili isiyo na samaki, na akatangaza mezani kwamba hicho ni chakula cha wafungwa. Kishor alikula sahani mbili. Waliniuliza kama nitaomba nao. Nilisema nitasikiliza.

Ijumaa, 2 Januari

Barafu kwenye dirisha, kwa ndani. Maumivu 1.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua.

Jumatano, 14 Januari

Mvua. Maumivu 0. Nimeiangalia sifuri hiyo kabla ya kuibonyeza. Ni ya kwanza tangu ile baiskeli.

Jumanne, 20 Januari

Daktari Dipti aligeuza skrini.

Ndani ya lile giza kuna kijivu. Kinaanza kwenye kingo na kuingia katikati, kama ukungu wa asubuhi unavyoingia bondeni, ila huu hauondoki. Alipima kwa mshale wa kompyuta mara mbili, kutoka pande mbili. Theluthi mbili ya shimo imejaa mfupa mpya.

"Yako," akasema kwa Kiswahili. "Mfupa yako mwenyewe."

Nilimsahihisha: mfupa *wako*. Akaniambia nitoke ofisini kwake.

Kuanzia kesho niukanyagie mguu kwa kipimo. Mtaalamu wa mazoezi kanieleza: mizani ya kawaida ya bafuni iwekwe sakafuni, nisimame na magongo, nibonyeze kwa mguu wa kulia mpaka isome kilo ishirini, nisizidishe. Kila siku chache nipande kidogo.

Jumatano, 21 Januari

Kilo 20. Jasho kama la mtu aliyebeba gunia.

Jumatatu, 26 Januari

Kilo 32. Kishor ndiye msomaji, kwa sababu nikiinama kusoma mwenyewe namba inabadilika.

Jumapili, 1 Februari

Kilo 45. Marie-Claire alipita. Alitazama shavu la mguu kwa muda mrefu, mikono ameiweka nyuma ya mgongo.

Ijumaa, 6 Februari

Picha nyingine. Shimo karibu lote limejaa. Mtaalamu wa mazoezi: uzito wote unaruhusiwa, kwanza pembeni mwa ukuta.

Jumapili, 8 Februari

Jua, nyuzi nane. Tulisubiri Marie-Claire atoke kanisani. Alifika kwa wakati, na Kishor akatazama saa ya ukutani kuhakikisha haijaharibika.

Mizani iliwekwa koridoni, kati ya kuta mbili. Nilimkabidhi Marie-Claire gongo la kushoto, kisha la kulia. Nikapanda kwa miguu yote miwili. Kisha nikainua wa kushoto kutoka kwenye mizani, nikaukunja, nikaondoa mikono ukutani.

Muundi ulitetemeka. Haukuuma. Nilihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Marie-Claire alikuwa ametanua mikono pande zote mbili bila kunigusa, kama mtu anayelinda mshumaa. Nilifika tisa, nikashika ukuta.

"Ngapi?" nikauliza.

Kishor alikuwa amepiga magoti. Alivaa miwani, akaivua.

"Sabini na moja."

"Una uhakika?"

"Nimepima vitambaa miaka hamsini, bwana."

Nilishuka, nikapumzika, nikapanda tena, safari hii kwa mguu wa kushoto peke yake, ule mzima, ili kupata kipimo cha pili cha kulinganisha. Kishor akainama tena.

Sabini na moja.